Daftari la mtoto lisifungiwe sandukuni

Sisi Wakongo tunaoishi Ubelgiji tumezoea kuzisifu hospitali za huku kwa mashine zake. Ndugu akipiga simu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kuuliza mtoto alitibiwaje, tunamtajia skana, maabara na gari la wagonjwa linalofika kabla hujamaliza kuvaa viatu, naye anashusha pumzi na kusema kwamba wao waliobaki, basi, Mungu awasaidie. Mwanangu alikuwa akitapika mara kwa mara bila sababu kujulikana tangu alipoanza kula uji hadi alipokaribia miaka miwili, nami nasema kwa yakini kwamba hakuna mashine hata moja iliyotuonyesha kilichokuwa kikimtapisha. Kilichotuonyesha ni karatasi zilizoandikwa vizuri na kutunzwa mahali pamoja, na karatasi za namna hiyo Bukavu inazo.

Kutapika kwake hakukuwa kule kwa kitoto kichanga kinachocheua maziwa begani baada ya kunyonya. Alikula vizuri, akacheza, na baada ya saa mbili au tatu, wakati kila mtu alikuwa amekwisha kusahau alichokula, uso ulimpauka, midomo ikapoteza rangi, akatapika mfululizo hadi tumboni kusibaki kitu ila povu na maji ya manjano, kisha akalegea mikononi mwa mama yake na kulala usingizi ambao ulituogopesha kuliko matapishi yenyewe. Homa hakuwa nayo. Asubuhi aliamka mzima, akaomba mkate.

Mara za kwanza madaktari wa Liège walituambia kwamba ni virusi vya tumbo. Walimpima uzito, wakamtazama macho na ulimi, wakaibonyeza ngozi ya tumbo, wakauliza kama amekojoa, kisha wakaturudisha nyumbani na vipakiti vya chumvi na sukari vya kuchanganya na maji, pamoja na karatasi yenye dalili za kututaka turudi haraka. Dawa hawakutupa. Mama mkwe wangu, alipoelezwa kwenye simu kwamba daktari wa Ulaya alimwona mtoto anayetapika na kumruhusu aondoke bila hata kichupa kimoja, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kama hati zetu za ukaazi zilikuwa na tatizo.

Najua vizuri ambalo lingetokea Bukavu, kwa sababu limewatokea watoto wa ndugu zangu. Ungenunua fishi, yaani kadi ya mgonjwa, mlangoni, ungelipia maabara kabla ya kuonwa, mtoto angechomwa kidole kwa ajili ya malaria, angetolewa damu kwa ajili ya kipimo cha Widal, na kinyesi chake kingetazamwa kwa hadubini. Ni nadra mtu kutoka hapo bila kupewa moja kati ya yale manne tunayoyajua sote: malaria, tifoidi, amiba au minyoo. Kipimo cha Widal hasa ni chepesi kukuambia una tifoidi hata kama huna, na wauguzi wenyewe wanalijua hilo, lakini ndicho kilichopo. Kisha angetundikiwa seramu, yaani dripu, angepewa dawa mbili au tatu za kunywa, na kesho yake angeamka mzima, akaomba mkate.

Hapo ndipo ugonjwa wa namna hii unapowachezea watu. Kwa kuwa huisha wenyewe ndani ya saa chache, dawa yoyote iliyotolewa usiku hupata sifa asubuhi. Sifa hiyohiyo huipata kwa urahisi kabisa yule mzee wa kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, desturi ambayo katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu bado inawapata watoto wengi wanaotapika au wanaokataa kunyonya, ingawa kilimi hakina hatia yoyote katika matapishi, na kukikata kumewaachia watoto damu isiyokoma, vidonda vyenye usaha na hata pepopunda. Mtoto akipona siku mbili baada ya kukatwa, ni nani atakayewashawishi majirani kwamba angepona vilevile?

Sitaki mtu asome haya akadhani kwamba ninamdharau muuguzi wa Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu, anayeanza na malaria. Anafanya sawasawa kabisa. Nigeria na Kongo ndizo nchi zenye mzigo mkubwa wa malaria kuliko nyingine zote duniani, na mtoto wa huko mwenye homa na matapishi asipopimwa malaria siku hiyohiyo, mzazi wake anacheza kamari. Kipindupindu nacho hakijahama kwenye mwambao wa Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, na sisi tuliokuwa hai mwaka 1994 tunakumbuka jinsi kilivyoua watu Goma. Daktari wa Liège anaweza kusema tusubiri kwa sababu maji ya bomba letu ni safi, mbu wetu hawana malaria, na namba ya dharura 112 inaitikiwa usiku wa manane. Kusubiri kwake kunasimama juu ya vitu hivyo vyote. Kwa hiyo wale wenzangu wanaopiga simu nyumbani na kuwaambia dada zao kwamba Ulaya hatuwapi watoto dawa, wasubiri tu, mtoto atapona, nawaomba wanyamaze, maana ushauri wao haubebeki kwenye simu bila bomba na mbu na gari la wagonjwa.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Katika sehemu ya Ubelgiji inayozungumza Kifaransa kuna shirika la umma liitwalo ONE, lenye mizizi tangu mwaka 1919, ambalo huwapima na kuwachanja watoto hadi umri wa miaka sita bila malipo na kumpa kila mtoto daftari lake la afya. Humo huingia uzito, urefu, chanjo, na maneno machache ya kila daktari aliyemwona. Juu ya hapo, daktari wa familia hutunza faili la mtoto, na barua za hospitali humfikia. Mtoto wetu alipotapika tena, tukampata daktari kijana ambaye hakuonekana kuwa na haraka, alizitandaza karatasi zote mezani, akatazama kwanza mstari wa uzito, ambao ulikuwa umepanda, ukasimama, ukapanda tena, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: kila mara alipotapika, alikuwa amekula saa ngapi, na alianza kutapika saa ngapi? Akataka tuandike. Chakula, saa ya kula, saa ya kutapika, rangi ya matapishi, joto la mwili, mkojo.

Mimi hufanya kazi za usiku kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege, kwa hiyo aliyeandika ni mke wangu, peke yake jikoni, huku mtoto mwingine amelala chumba cha pili na hakuna wa kumwachia. Daftari lake lilipojaa kurasa chache, jambo lilijitokeza lenyewe. Matapishi yalikuja saa mbili hadi tatu baada ya uji, na si uji wowote, bali uji wa masoso, ule unga wa mahindi, soya na mtama ambao nyanya yake huukaanga na kuusagisha Bukavu kisha kutuletea kwa mkono wa kila msafiri. Unga ukiisha, mtoto alinenepa. Msafiri akifika, mtoto alitapika. Niseme hapa kwamba shangazi yangu alikuwa ametuonya zamani kwamba kati ya wageni wetu kuna mwenye jicho baya, na kwa upande wa kuchunguza tu, nadhani aliwashinda madaktari wote, ila alimshika mgeni badala ya kushika mfuko wake.

Ilikuwa soya. Daktari wa mzio alitueleza kwamba kuna aina ya mzio ambayo haitoi vipele wala kuvimba midomo, wala haionekani kwenye kipimo cha ngozi. Utumbo ndio unaokikataa chakula, na matapishi huja baada ya saa moja hadi nne, kuchelewa kunakomfanya kila mtu alaumu kitu kingine. Kwa Kifaransa huufupisha SEIPA. Maziwa ya ng'ombe, soya, mchele, shayiri, mayai na samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyousababisha zaidi, nao huhesabiwa kuwa virusi vya tumbo huku Ulaya kama vile kwetu unavyohesabiwa kuwa tifoidi. Miongozo ya kwanza ya kimataifa ya kuutambua ilitolewa mwaka 2017, kwa hiyo hakuna haja ya kumlaumu mtu yeyote wa Liège wala wa Bukavu kwa kutoufikiria. Dawa yake ni kukiacha chakula hicho, na baadaye kukijaribu tena hospitalini mbele ya madaktari, kwa kuwa watoto wengi huuacha ugonjwa huu nyuma kabla ya kuanza shule.

Sisemi kwamba kila mtoto anayetapika bila sababu ana mzio wa soya. Mwingine ana asidi inayopanda kooni, mwingine ana mtindo wa kutapika kwa vipindi unaohusiana na kipandauso cha ukoo, mwingine ana ugonjwa wa figo au mkojo mchafu, na wachache, ambao matapishi yao huja alfajiri pamoja na kuumwa kichwa, wana jambo la kichwani ambalo halitaki kucheleweshwa. Ninachosema ni kwamba yote hayo hutenganishwa kwanza na historia, na historia ya mtoto haikai kichwani mwa mzazi aliyekesha. Watu hukumbuka hofu, hawakumbuki saa.

Na Bukavu ina daftari hilo. Kila mama aliyepeleka mtoto CPS, kliniki ya kupima na kuchanja watoto wadogo, anakijua kile kikaratasi chenye mstari wa uzito na orodha ya chanjo. Tatizo ni kwamba wengi huacha kwenda baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, kana kwamba daftari lilikuwa la sindano tu, halafu linafungwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo. Miezi inayofuata ndiyo mtoto anayoingia kwenye vyakula vyote vya nyumbani, ndiyo anayotambaa kwenye vumbi, ndiyo anayotapika, na hapo hakuna anayempima. Akiugua, anapelekwa kituo cha karibu, kesho kingine chenye sifa, kesho kutwa hospitali kubwa, na kila mlango unamuuzia fishi mpya inayobaki kabatini mwao. Tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, familia nyingi zimehama nyumba na mitaa, na makabati hayahami nazo. Karatasi pekee inayoweza kumfuata mtoto ni ile iliyo mikononi mwa mama yake.

Kuna jambo ambalo Bukavu inatuzidi, nami silisemi ili kuwafariji watu. Usiku ule mbaya kuliko yote, mke wangu alipiga 1733, namba ya daktari wa zamu, akajibiwa vizuri na kwa heshima, kisha ikabidi amwamshe mkubwa, amvike koti, awabebe wote wawili kwenye teksi. Kule kwetu angegonga ukuta. Jirani angebaki na mkubwa, mwingine angetafuta pikipiki, wa tatu angeshika tochi, na saa ya kulipia maabara wangechangishana. Hapa hakuna wa kugongewa, na serikali, kwa wema wake wote, haiji na tochi.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kike alinipigia kutoka Kadutu kwamba mwanawe ametapika tangu jioni, akaniomba nimtumie ile dawa ya kuzuia kutapika ambayo rafiki yake alitumiwa na kaka yake wa Brussels. Nilikataa. Dawa za namna hiyo si za kuchezea kwa watoto wadogo. Metoklopramidi, kwa mfano, Ulaya iliipiga marufuku mwaka 2013 kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja kwa sababu ya madhara yake kwenye mishipa ya fahamu. Nilimuuliza kama ana homa, akasema ndiyo, nikamwambia aende kituoni sasa hivi, asisubiri kupambazuke, na ampe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, njiani kwa kijiko kidogo kila baada ya dakika moja au mbili, akitapika angoje dakika kumi aanze tena polepole. Nilimtajia pia yale ambayo hayataki mjadala: matapishi ya kijani au yenye damu, mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa, aliyelegea asiyeamka vizuri, aliyepatwa na degedege, au aliyekaa muda mrefu bila kukojoa na kulia bila machozi.

Ilikuwa malaria, wakaitibu, akapoa. Juzi akanipigia tena: mtoto ametapika, safari hii bila homa, na tayari amekwisha kupona. Nikamuuliza kama alilitoa lile daftari la CPS. Alikuwa amelitoa, amelifungua ukurasa wa mwisho, ana kalamu mkononi. Alikula nini, na saa ngapi? Akanijibu kwamba hilo itabidi amuulize mama, maana siku hiyo yeye alikuwa sokoni, na mama naye anasema mtoto hakula kitu, isipokuwa kile kidogo alichopewa na jirani.