Simba Yuko Getini

Nani alipiga ile picha? Mnaijua. Mbwa ameketi juu ya jabali, bonde la kijani limetandazwa chini yake, ukungu unapanda taratibu, naye katulia tuli kama mstaafu aliyelipwa mafao yake yote. Pembeni amesimama mwenye mbwa, kashika kikombe, nywele zimechanwa. Binti yangu alinitumia picha hiyo Jumatano. Ijumaa akaituma tena, safari hii bila maneno. Jumamosi alfajiri nilikuwa nyuma ya usukani, taa ya mafuta imewaka kama kawaida yake, na mbwa ananipumulia shingoni.

Sasa ni usiku. Nimekaa sakafuni na kibano mkononi, namtoa kupe. Huyu ni wa tatu. Aliyepiga ile picha ajitokeze, aje anishikie taa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Simba. Msicheke. Nanyi mmefuga Simba, au jirani yenu anaye, au mmewahi kukimbizwa na mmoja. Wetu alipewa jina hilo akiwa na ukubwa wa kiatu, tukitarajia atakua alifikie. Hakulifikia. Huyu anaogopa mwavuli. Anaogopa ndoo iliyopinduliwa. Paka akipita uani, Simba hugeuka kutazama ukuta kama mtu aliyemwona anayemdai.

Njiani alitapika mara mbili. Mara ya kwanza kwenye zulia la gari, ya pili kwenye ramani. Tukafika.

Hifadhi yenyewe si ya wanyama wakali. Ni ya mandhari: maporomoko ya maji, msitu, nyani, vipepeo, na kilele ambacho watu hupanda kutazama machweo na kunyamaza. Simba hayupo hata wa dawa. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniangamiza.

Askari wa getini alikuwa kijana mpole, sare imenyooka, sauti ya chini. Mimi mtu mpole namwogopa. Mkali mnagombana, mnamalizana. Mpole ana fomu.

"Shikamoo mzee. Naona tuna mgeni hapo nyuma."

"Marahaba. Ni mbwa tu."

"Hakuna mbwa tu, mzee," akasema, akaitoa.

Jina la mmiliki, sawa. Rangi ya mnyama: nikaandika kahawia. Aina ya mbwa: nikaandika mchanganyiko. Akauliza mchanganyiko wa nini na nini. Nikamwambia wa upande wa baba na upande wa mama. Akaandika hivyo hivyo. Kisha akaomba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na hapo nikajiona mwanamume, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeombwa karatasi nikiwa nayo. Nilikuwa nimeikunja vizuri ndani ya ramani.

Ndiyo. Ile ramani.

Akaipokea kwa vidole viwili. Akauliza kama tarehe inasomeka. Nikamwambia ukiielekeza juani inasomeka.

Basi nikaona nitumie elimu. Nikajikohoza. "Afande," nikasema, "mwaka 1957 mbwa anayeitwa Laika, aliyeokotwa barabarani kule Moscow, alipandishwa Sputnik 2 akaizunguka dunia. Aliingia anga za juu. Wangu anaomba kuingia msituni."

"Laika hakurudi, mzee."

"Belka na Strelka je? 1960! Walirudi wazima wote wawili!"

"Wale walikuwa wamefungwa mikanda," akasema kwa upole uleule. "Kamba yako ina urefu gani?"

Kamba ilikuwa ya kuanikia nguo, mita sita, na kibanio kimoja bado kinaning'inia. Sheria ni mita mbili. Akaikunja mara tatu, akaipima, akanirudishia kibanio kwa heshima zote.

Nikamuuliza sasa, kijana wangu, huyu mbwa anaogopa ndoo. Atamfanya nini nani humo ndani? Ndipo akanieleza jambo ambalo mpaka sasa limenikaa. Mwaka 1994, kule Serengeti, simba wapatao 1,000 walikufa kwa distempa, kama theluthi ya simba wote waliokuwako. Hawakupigwa risasi wala kutegewa mtego. Walikufa kwa virusi, na watafiti walipofuatilia wakajikuta wanawaangalia mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani. Mbwa hahitaji kumng'ata mtu. Anapiga chafya, anaacha kinyesi kichakani, anarudi nyumbani kulala.

Nikageuka kumtazama Simba. Alikuwa analamba mkanda wa kiti. Nikamwambia askari chanjo ya distempa anayo pia, iko upande wa pili wa cheti. Hakugeuza cheti. Akasema ananiamini. Nami nisingekigeuza.

"Jina la mnyama?"

"Simba."

Akaandika. Akachukua redio, kwa sababu mbwa hawezi kuingia mpaka makao makuu ya hifadhi yaridhie.

"Makao, hapa geti. Nina Simba mmoja hapa, anaomba kuingia."

Redio ikakwaruza. Ikanyamaza. "Geti, rudia."

"Simba. Mmoja. Dume. Yuko kwenye gari dogo na mzee mmoja."

"Mzee yuko hai?"

Kijana akanitazama kutoka juu mpaka chini, kama swali linalohitaji uchunguzi. "Yuko hai, ila amechoka."

"Simba anafanya nini?"

"Analamba mkanda."

"Usimkaribie! Funga geti!"

"Nimekwisha mshika kichwa, hana tatizo. Chanjo anazo."

Kimya. Kimya kirefu mno. Nikamwambia, "Afande, waambie ni mbwa." Akanijibu kwamba jina ameshalitaja, na kwenye redio wanasema mara moja tu, wanaokoa chaji.

Sasa, redio ile inasikika na kila mwongoza wageni ndani ya hifadhi. Kuna watu tangu asubuhi walikuwa wanaoneshwa vipepeo. Si kipepeo mmoja, vipepeo, kimoja kimoja, na majina yao. Mara wanasikia kuna simba getini, kwenye hifadhi isiyo na simba! Dakika kumi hazikuisha, mabasi madogo mawili yakaja yakitimua vumbi, madirisha yametoa lenzi ndefu kama mikono. Nyuma yao likaja gari la askari, na juu yake daktari wa wanyama kakumbatia bunduki ya usingizi. Foleni nyuma yangu ikaanza kurudi kinyumenyume. Mtu mmoja alipandisha vioo, akakumbuka mtoto wake yuko nje, akavishusha.

Daktari akasogea kwa mgongo wa gari langu. Akanipa ishara nisijitikise. Mimi natikisika vipi, nina mke upande wa kushoto na fomu upande wa kulia? Akafungua mlango wa nyuma kidogo kidogo, kama mtu anayefungua barua ya benki.

Simba akatoka. Akaona umati. Akalala chali, miguu minne juu, akatoa tumbo likunwe.

Hakuna aliyesema kitu. Kamera moja ikalia kachi. Bibi mmoja mgeni, kofia pana, akauliza simba yuko wapi. Mwongozaji wake akamwonesha kwa kidole. Bibi akamtazama muda mrefu, akasema, "Ni mdogo." Mwingine akaanza kudai kiingilio chake.

Mkuu wa askari akashuka garini. "Nani ana simba hapa?" Foleni nzima, watu ambao saa nzima hawakunisalimu, ikanielekezea kidole kwa pamoja. Mkuu akaja mpaka dirishani. Akanitazama. Akasema, "Mzee, mtu mzima kama wewe..."

Hakumalizia. Na sentensi isiyomaliziwa inauma kuliko kofi, maana nimeimalizia mwenyewe njia nzima ya kurudi, kila mara vibaya zaidi.

Ningekuwa na busara ningenyamaza. Nikashuka, nikasema kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo: mimi wiki nzima naamka kabla ya jogoo. Natukanwa na watu waliozaliwa nikiwa kazini. Nina Jumamosi moja. Moja! Nimejaza fomu, nimeleta cheti, nimekunja kamba, sijaona hata tone la hayo maporomoko, na mnanijia na bunduki ya usingizi! Usingizi wenyewe ningeupata wapi mimi, si afadhali mnipige nao? Nikanyoosha mikono. Daktari akaonekana kulifikiria.

Wakaturuhusu. Yaani walimruhusu mbwa kwenye maegesho ya magari, kwenye meza za kulia chakula, na kwenye njia moja inayozunguka choo. Maporomoko, hapana. Msitu, hapana. Kilele, hata usiulize.

Kumwacha garini hakuwezekani, na hapo nakubaliana na sheria. Gari lililofungwa juani joto lake hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na mbwa hana jasho la kumsaidia zaidi ya kule kuhema kwake na unyevu wa nyayo. Basi mtu mmoja abaki. Tulipiga kura. Kura zilikuwa tatu, na yangu peke yake ndiyo iliyokuwa na jina tofauti.

Kwa muda wa saa mbili na nusu nimekaa maegeshoni. Lami inawaka. Ukitaka kujua kama mbwa anaweza kuikanyaga, weka mgongo wa kiganja chini uhesabu mpaka saba. Mimi nilifika tatu. Kwa hiyo nikambeba. Kilo 22 za Simba, miguu inaning'inia, naye kaweka kidevu begani kwangu kama bwana harusi aliyezidiwa. Basi la vipepeo likapita. Wakapiga picha.

Kivulini nikasoma kwenye simu, kwa sababu nilitaka kuelewa nimefanya nini. Kumbe macho ya mbwa yanashika vizuri bluu na njano. Kijani na nyekundu kwake ni mchezo mmoja. Nimechoma mafuta, nimetapikiwa ramani, nimeitwa mtu mzima, ili nimlete mbele ya mandhari ya kijani mnyama asiyeiona kijani! Mandhari yake yeye yako puani: vipokezi vya harufu mpaka milioni 300, sisi tunavyo kama milioni sita na mafua juu yake. Nikamwachia achague pa kwenda. Akachagua nguzo ya kibao cha matangazo, kile chenye picha ya mbwa aliyekatwa kwa mstari mwekundu. Dakika arobaini. Alisoma ile nguzo kama gazeti la Jumapili, akarudia ukurasa wa kwanza, akatia saini. Nguzo za hivyo ziko nne mtaani kwetu.

Akaacha na kinyesi. Nikakiokota, mfuko ninao, mimi si mshenzi. Pipa la taka halipo: unachoingia nacho unatoka nacho. Kitaalamu hicho sikuingia nacho, lakini sikuwa tena na nguvu za kubishana. Kimesafiri mpaka nyumbani juu ya boneti, na kwenye kila tuta nilisali.

Kuhusu nyani sitaeleza sana. Alikuja akaiba tambi za binti, Simba akachomoka, na mimi kwa haraka nikakosea. Nikakimbia maegeshoni nikipaza sauti, "Simba! Simba! Simba!" Watu wapya walikuwa wanawasili. Yule bibi wa kofia, aliyemwona kwa macho yake kwamba ni mdogo, ndiye wa kwanza kuingia garini.

Mke na binti wakarudi kutoka maporomokoni, nywele zimelowa, nyuso zinang'aa. "Baba, ungeona!" Ungeona. Neno zima limejengwa kwa ajili ya mtu aliyebaki maegeshoni. Nikauliza maji ni ya rangi gani. Wakasema ni ya bluu, bluu kabisa, yaani Simba angeyaona vizuri kuliko sisi wote.

Kupe wa saba huyu. Mke anapendekeza mafuta ya taa. Shemeji, kwa simu, anapendekeza kiberiti. Hapana. Unambana kwa kibano karibu kabisa na ngozi, unavuta moja kwa moja bila kupindisha. Ukimchoma au ukimpaka kitu anaweza kuyarudisha mate yake kwenye jeraha, na kwa leo nyumba hii imetosha kutapikiana.

Binti amekuja na simu yake. Picha imeshasambaa. Mimi nimembeba Simba, mgongo kwa kamera, na maneno chini yake: "Mzee ambeba simba kwa mikono." Watu maelfu wamependa. Mmoja anauliza kama kweli. Mwingine anasema mambo hayo ni ya dawa, anamjua mzee huyo. Mke wangu hakuangalia mbwa wala dawa. Ameikuza picha mpaka imebaki suruali. Anauliza hiyo si ile ya shughuli ya mwezi ujao? Na huko nyuma imechanika lini? Nilipanda nayo garini asubuhi nikiwa mzima. Itakuwa wakati wa nyani. Au wakati wa hotuba, maana niliona yule daktari anatazama chini.

Fundi wa nguo ana suruali yangu nyingine tangu Januari. Anasema kesho. Huyo naye ipo siku nitamzungumzia, leo acha nimalize. Wa nane. Wa tisa. Simba amelala, anakoroma, miguu inapiga hatua usingizini. Yuko msituni huko, bila fomu.

Wa kumi... hebu ngoja. Lete taa hapa. Huyu hayuko kwa mbwa.