Motahomu Iliyotumika: Panda Paani Kabla Hujawasha Injini

Watu wengi huko Marekani wanaotafuta motahomu iliyotumika, yaani gari lenye nyumba ya kuishi, wakitaka kuhamia humo kabisa, huanza na boneti na kuuliza imetembea maili ngapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo wanapopotea. Injini ya Ford V10 ya lita 6.8, iliyofungwa kwenye motahomu nyingi za miaka ya 2000, mafundi wanaijua na vipuri vyake vipo. Kinachofilisi ni nyumba iliyo juu yake. Nyingi zina fremu ya mbao na kuta za plaiwudi iliyobandikwa faibaglasi, na maji yakishapenya humo, uozo unaendelea kimyakimya.

Basi omba ruhusa, panda paani. Kagua gundi ya kuzibia kuzunguka kila tundu: feni, kiyoyozi, mabomba ya kutolea hewa ya matangi ya majitaka. Nyufa ndogo zinatengenezeka. Ukikuta silikoni ya kawaida imepakwa juu ya gundi ya zamani, shtuka: haishiki vizuri kwenye paa la mpira, na gundi sahihi haitashika juu yake mpaka ikwanguliwe yote. Ndani, bonyeza kwa kidole gumba pembe za dari, migongo ya makabati na hasa kingo za kitanda cha juu ya dereva, kwa sababu mshono wa pale mbele hupigwa na upepo na mvua safari nzima. Ubao ukibonyea, umeoza. Rangi mpya kwenye pembe moja tu nayo ina lake jambo. Kisha toka nje, mulika tochi sambamba na ukuta. Ukiona uvimbe, faibaglasi imeachana na plaiwudi. Hapo mimi ningeondoka, hata bei ishushwe nusu.

La pili ni uzito, na wauzaji hawalitaji. Chasi ya Ford E-450, ile sehemu ya chini inayobeba nyumba, kwa matoleo ya karibuni ina kikomo cha pauni 14,500, yaani kilo 6,577, gari lenyewe likiwemo. Motahomu zilizotengenezwa tangu katikati ya 2008 zina lebo karibu na mlango inayotaja uzito wa watu na mizigo unaoruhusiwa. Tuseme ni kilo 600. Watu wazima wawili ni 150, maji lita 150 ni kilo 150 nyingine. Zinabaki 300 za vyombo, zana, chakula na nguo za baridi. Kwa likizo zinatosha. Kwa makazi, ni finyu mno. Kabla ya kulipa, pima kila ekseli kwenye mizani ya malori.

Matairi yasome ubavuni: 1419 ni wiki ya 14 ya 2019. Yakizidi miaka saba, hata kashata zikiwa nzima, punguza kwenye bei gharama ya matairi sita mapya.

Friji ya gesi huchukua saa nyingi kupoa, hivyo mwambie muuzaji aiwashe tangu jana yake. Ukiona unga wa njano nyuma yake au ukinusa amonia, mtambo wake wa kupoza umekufa.