Mgonjwa kalala: umwamshe au umwache?

Saa kumi na moja alfajiri taa za wodi huwashwa zote kwa mpigo. Vipimajoto vinagawiwa, mashine ya presha inazungushwa kitanda kwa kitanda, wa kuoga waoge, maana raundi ya daktari iko njiani na zamu ya asubuhi inataka kukabidhiwa. Mwanafunzi wa uuguzi huukuta utaratibu huu siku ya kwanza wodini na kuuchukua kama ulivyo. Darasani, kwa upande mwingine, anaambiwa usingizi ni sehemu ya tiba. Lipi lina nguvu zaidi?

Inategemea ni usingizi gani unaokatishwa. Madaftari ya zamani yana hatua 4 za usingizi usio wa REM, yaani usio ule wa ndoto nyingi. Tangu 2007 hatua ya 3 na ya 4 zimeunganishwa, zikabaki N1, yale mang'amung'amu ya dakika chache. N2, inayochukua karibu nusu ya usiku. Na N3, usingizi mzito. Kisha kuna REM, ambapo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto nyingi huja. Aserinsky na Kleitman waliieleza huko Chicago mwaka 1953. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika 90, na kwa usiku mtu mzima hupitia 4 hadi 6. Ila mizunguko hiyo haifanani: N3 hujaa theluthi ya kwanza ya usiku, REM hurefuka kuelekea alfajiri. Anayeamshwa saa sita usiku kumeza kidonge ananyang'anywa usingizi mzito, wakati ambao homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi. Anayeamshwa saa kumi na moja anakatiwa REM.

Wanaosema aachwe alale wana hoja nzito. Mzee aliyekatwakatwa usingizi siku tatu mfululizo ni mwepesi wa kuchanganyikiwa. Kinachofuata tunakijua: analalamika halali, anaandikiwa diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, nayo inapunguza hiyo N3 iliyokuwa haba tayari na kumwongezea hatari ya kuanguka akienda msalani. Kukosa usingizi kama ugonjwa sugu ni angalau usiku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3. Huyu hana ugonjwa huo. Taa, kelele na ratiba yetu ndivyo vinavyomkesha. Pengine hata furosemidi yake, dawa ya kuongeza mkojo, ilitolewa saa mbili usiku, naye anaamka kukojoa hadi kunakucha. Hata mfumo wa alama za tahadhari wa Uingereza, NEWS, unaruhusu mgonjwa mwenye alama 0, yaani ambaye vipimo vyake vyote viko sawa, apimwe kila baada ya saa 12.

Hata hivyo, siwezi kuwadharau wanaoamsha. Kwanza, muuguzi mmoja na wodi iliyofurika hana nafasi ya kumpangia kila mtu saa yake. Kupima wote kwa pamoja ndiko kunakohakikisha hakuna aliyesahaulika. Pili, na hili ndilo zito, usingizi huficha mambo. Aliyeumia kichwa ni lazima aamshwe, kwani huwezi kupima fahamu za mtu aliyelala. Aliyetoka upasuaji akiwa na mofini, dawa kali ya maumivu, anaweza kuonekana kapumzika kumbe pumzi zinapungua.

Halafu kuna yule anayekoroma. Wodini kukoroma huchukuliwa kuwa dalili ya usingizi mtamu, hata wenzake wakacheka. Simama kando ya kitanda chake usikilize: mkoromo, kimya cha sekunde 10 au zaidi huku kifua kikihangaika bila hewa kupita, kisha anashtuka na kukoroma upya. Hiyo ni apnea ya kuziba kwa njia ya hewa. Mara nyingi huwa mbaya zaidi ndani ya REM, misuli inapolegea, yaani alfajiri hiyohiyo tunayobishania. Mpe mtu huyo dawa ya usingizi au mofini bila uangalizi, utajuta.

(Kulegea huko kwa misuli kukiendelea sekunde chache baada ya akili kuamka, mtu hushindwa kujinyanyua. Wengi wetu tunaliita jinamizi, na mgonjwa akikusimulia usimcheke.)

Kwa maoni yangu, mabishano haya yamekuzwa kwa kudhani kuna mawili tu, kuamsha au kutopima. Upumuaji, ambao mara nyingi ndio hubadilika kwanza hali inapoharibika, huhesabiwa vizuri kabisa mtu akiwa amelala: tochi ielekee ukutani, macho kifuani, dakika nzima. Ajabu ni kwamba ndicho kipimo tunachokipuuza. Zipo chati zilizojazwa 20 kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa amri.

Kinachobaki ni woga wa msimamizi kukuta nafasi ya presha iko wazi. Woga huo una msingi, kwa sababu pengo lisilo na maelezo husomeka kama uzembe. Kwa hiyo kwenye makabidhiano ya jioni ulizeni majina ya wasioamshwa, daktari akubali na iandikwe. Usiku ukifika, faili liseme: saa kumi alfajiri, amelala, upumuaji 16, hakoromi, hakuamshwa kwa maelekezo.