Ile 37 ya mzee Cheng Man-ch'ing: ni taichi ya Yang au ni kitu kingine?

Kuna ubishi kwenye taichi, ile sanaa ya mapigano ya Kichina ya mwendo wa polepole, hauishi, na mimi unanigusa maana staili ninayoifanya ndo hiyo hiyo inayobishaniwa, mwaka wa sita huu. Cheng Man-ch'ing alichukua fomu ndefu ya ukoo wa Yang, yani mfululizo wa mikao unaofanywa bila kukatiza, ile ya mikao 108 (wengine wanahesabu 85, inategemea unakata wapi), akaipunguza mpaka 37. Wapo wanaosema bila yeye taichi ingechelewa sana kufika kwa watu wa Marekani na Ulaya, na wapo wanaosema alichofundisha sio Yang kabisa, na tena yeye mwenyewe hakukaa kwa mwalimu muda wa kutosha kuitwa mrithi.

Kwanza mjue ni mtu wa aina gani. Alizaliwa 1902 Yongjia, ndo Wenzhou ya leo, mkoa wa Zhejiang. Baba alifariki mapema, halafu utotoni tofali likamwangukia kichwani akalala hajitambui, alipopata nafuu akapelekwa kwa mchoraji awe anasaga wino na kujifunza kazi. Akiwa bado kijana mdogo anafundisha mashairi na uchoraji Beijing na Shanghai, kisha kifua kikuu kikamshika mpaka anakohoa damu. Kwahiyo taichi aliiendea anatafuta uzima, hakwenda kutafuta ubabe. Baadae akawa tabibu wa dawa za Kichina, na watu wakampa sifa ya bingwa wa fani tano: kuchora, mwandiko wa brashi, mashairi, tiba na taichi.

Sasa silsila, yani mnyororo wa nani kafundishwa na nani, maana hapa ndo moto unapowaka, na watu wa taichi wako vilevile kama wazee wetu wa pwani ambao kabla hawajakusikiliza wanakuuliza umesoma kwa nani. Yang Luchan (1799–1872) alijifunza kijiji cha ukoo wa Chen huko Henan, kwa Chen Changxing, akaenda kufundisha Beijing. Elimu ikashuka kwa mwanae Yang Jianhou, ikafika kwa mjukuu, Yang Chengfu, aliyezaliwa 1883. Huyu ndo mwalimu wa Cheng. Walikutana Shanghai mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kisa kinachosimuliwa ni kwamba mke wa Yang aliugua sana, Cheng akamtibu akapona, na kwa shukrani mwalimu akamfungulia mambo ambayo hakuwa anamfungulia kila mtu.

Yang akafariki 1936. Fanya hesabu mwenyewe, hapo katikati ni miaka michache tu, na wapo wanafunzi kama Fu Zhongwen waliokaa na mzee Yang miaka mingi, wakasafiri nae, wakafanya kila alichofanya. Wakosoaji wanakaza hapo na siwalaumu, hoja yao ina miguu. Ila kuna kitu wanakiruka: kile kitabu cha 1934 chenye jina la Yang Chengfu, Cheng alishiriki kukiandaa na utangulizi wake umo ndani. Mzee mwenye wanafunzi wengi namna ile hamkabidhi mpita njia kazi ya kuweka maneno yake kwenye karatasi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hesabu ya miaka.

Haya, kupunguza. Ilikuwa kipindi cha vita na Japani, Cheng yuko Hunan anafundisha watu ambao na wao walitakiwa wakafundishe wengine, muda hakuna, fomu ndefu unahitaji kama nusu saa kuimaliza mara moja na miezi mingi kuishika. Akaangalia akaona mikao mingi inajirudia, Mjeledi Mmoja unarudi na kurudi, Mikono ya Mawingu inarudi, akatoa marudio. Iliyobaki unaimaliza kama dakika saba mpaka kumi. Wanaosema hiyo ni dhambi wajiulize mwalimu wake alifanya nini, maana Yang Chengfu mwenyewe alitoa mirukaruko na kukanyaga chini kwa kishindo, akafanya mwendo uwe wa kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ukienda nyuma zaidi ile taichi ya kijiji cha Chen ukiiangalia leo na hii ya Yang utadhani hazijawahi kuonana. Na 1956 serikali ya China nayo ikatengeneza fomu fupi ya mikao 24 kutoka hukohuko kwa Yang, ndo inayofanywa na mamilioni bustanini. Kwahiyo kama kosa ni kubadilisha basi silsila nzima ina kosa.

Lakini marudio yana kazi yake, na hili sisi watu wa 37 hatupendi kulisikia. Mkao ukirudi mara ya tano mguu umeshachoka, ule ujanja wa kujikaza kwa nguvu umeisha, na hapo ndo mwili unalegea kwa lazima. Kwenye 37 mtu anaweza kufika mwisho bado amejibana mabega na asijue. Nimeona watu wa namna hiyo, na miaka miwili ya kwanza nilikuwa mmoja wao.

Halafu kuna kifundo cha mkono. Chukua picha za Yang Chengfu uweke pembeni ya picha za Cheng, mkao uleule. Kiganja cha Yang kimekaa, kifundo kimekunjwa kidogo, vidole vinaelekea juu, unaona kabisa nguvu imefika mpaka kwenye kiganja. Cheng kifundo kimenyooka, mgongo wa mkono na mkono wenyewe ni mstari mmoja, vidole laini, wanauita mkono wa mrembo. Watu wa Yang wanasema huo mkono umekufa. Upande wa Cheng wanajibu kwamba ukikunja kifundo tayari umekaza, na aliandika mwenyewe kwamba Yang alikuwa anamwambia "legea, legea" zaidi ya mara kumi kwa siku. Mimi nimejaribu yote mawili nikiwa nasukumana mikono na mwenzangu (zoezi la watu wawili, mnagusana mikono kila mmoja anajaribu kumtoa mwenzake kwenye mizani): nikinyoosha kifundo nasikia mapema anataka kwenda wapi, ila nikitaka kumtoa kwenye mstari wake kile kiganja cha Yang kinafanya kazi vizuri zaidi. Wote wawili wana haki, kila mmoja alikuwa anatafuta kitu chake.

Mwaka 1949 Cheng alihamia Taiwan, akawa hata anamfundisha uchoraji mke wa Chiang Kai-shek, kiongozi wa Taiwan, na 1964 akaenda New York. Wazee wa Chinatown, mtaa wa Wachina wa huko, hawakufurahia kabisa kuona anafundisha wazungu wenye nywele ndefu, na siku yuko safarini Taiwan wanafunzi hao wakaondolewa ukumbini. Aliporudi akafungua shule nyingine, akaendelea nao. Wao walimwita Profesa tu. Mtu anaeshikilia urithi wa ukoo kwa wivu angefanya hivyo? Kwenye kusukumana mikono aliwaambia wawekeze kwenye hasara, yani ukubali kusukumwa, ukubali kushindwa, miaka na miaka, usijibu kwa nguvu mpaka mwili ujifunze kusikiliza.

Na hapo ndo naona jibu lilipo. Kile alichokitoa kwenye fomu alikirudisha kwenye kusukumana mikono. Wanafunzi wake Benjamin Lo, William Chen, Huang Sheng-shyan aliyeipeleka Singapore na Malaysia, hawa walipata vyote viwili, na ukiwaangalia hawafanani hata kidogo lakini wote wanazama chini unapowagusa. Cheng akafariki 1975 huko Taiwan na matawi yakawa mengi, na shida ya kweli ilianzia kwa waliobeba zile dakika kumi wakaacha ile hasara ya miaka. Mtu wa hivyo akiambiwa hana silsila nitanyamaza, ila akiambiwa hivyo Cheng mwenyewe nitabisha.

Mimi tangu mwaka jana nimeanza fomu ndefu pembeni ya 37, na naisoma kwa mwalimu anayeikataa kabisa 37. Sehemu ya kwanza nimeshika, ya pili bado inanichanganya. Ila nikifika ule mjeledi wa nne au wa tano nyonga ya kulia inaachia yenyewe, na nikirudi kwenye 37 jioni bado imeachia.