Asasi zetu zinaongea na mfadhili, Kilolo hawasikii

Mabango ya miradi huku Nyanda za Juu Kusini yanafanana: nembo nne tano za wafadhili, sentensi ndefu ya Kiingereza, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la kijiji. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na maafisa mawasiliano wa asasi zetu.

Wengi ni vijana hodari. Wanapiga picha safi, wanaandika visa vya mafanikio vya kumliza mtu aliyeko Washington. Ila muulize mama wa Kilolo, wilaya ya mkoa wa Iringa, waliompima mwanawe mkono kuangalia utapiamlo walikuwa akina nani, atakujibu "wale wa gari jeupe".

Gharama yake tuliiona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, kwa hiyo pigo lilikuwa zito. Barua zilikwenda kwa wadau, lakini nilikopita vijijini hakuna aliyeambiwa kitu. Watu wakajijazia wenyewe: wamekula hela, wamefukuzwa, dawa zimekwisha. Tangazo fupi kwenye redio ya mkoa, au karatasi moja kwa mtendaji aibandike ubaoni, lingetosha kueleza nini kimesimama, nini kinaendelea, na mtu aende wapi.

Halafu kuna udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni ya muda mrefu. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 57 hivi ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Kwenye andiko la mradi takwimu hiyo inaleta fedha. Isome hivyohivyo mbele ya wakulima wa mahindi na viazi, umewatukana. Mzee mmoja wa Mufindi alimjibu mwezeshaji nikisikia: "Mwanangu, sisi ndio tunaowalisha wa Dar, leo unatuambia hatujui kula?" Kikao kikafia hapo; waliobaki walikuwa wanasubiri posho. Angeanza na mama anayeshinda shambani, mtoto nyumbani na uji mtupu, mayai na maziwa yamekwenda sokoni, wangemsikiliza, maana hayo wanayaona kila siku.

Na picha za watoto wenye kamasi, jamani, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Dole gumba la mzazi kwenye fomu asiyoweza kuisoma si ridhaa.

Mtaniambia bajeti anaipanga mfadhili, naye anataka fulana na mabango. Kweli. Lakini ripoti ya mwaka mnamwandikia Msajili wa asasi kwa lazima ya sheria. Itoeni kurasa mbili za Kiswahili, zibandikwe ofisi ya kijiji: fedha zilizoingia, zilikokwenda, nani wa kumpigia simu. Na tarehe ya mradi kuisha iandikwe kwa herufi kubwa.