Kruza za daraja la Tiger: kosa lilikuwa la 1954 au la 1968?

Zikitajwa Tiger, Lion na Blake, kruza (manowari kubwa) za mwisho za mizinga za Uingereza, wengi husema fedha zilitupwa baharini. Lakini hapo kuna maamuzi mawili, na moja lina utetezi.

La kwanza ni la 1954, la kuzimalizia meli hizo. Mkuku wa Tiger uliwekwa 1941 Clydebank, Scotland, meli ikashushwa majini Oktoba 1945, kazi ikasimamishwa mwaka uliofuata. Wenzake wawili yaliwafika hayohayo. Wakati meli hizo zimelala bila kumaliziwa, Wasovieti walikuwa wakitoa kruza za Sverdlov zenye mizinga 12 ya milimita 152, na Juni 1953 moja ikatia nanga Spithead, kusini mwa Uingereza, kwenye gwaride la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kumalizia meli zilizokwisha kuelea kulikuwa na mantiki.

Silaha zenyewe hazikuwa mzaha. Tiger ilikuwa na minara miwili ya mizinga ya inchi 6, kila mmoja na mitutu miwili, na kila mtutu ulibuniwa kufyatua makombora 20 kwa dakika. Kombora moja ni kilo 59 hivi, kwa hiyo mitutu minne ingemwaga zaidi ya tani nne na nusu kwa dakika. Kruza ya zamani ilihitaji mitutu tisa kuikaribia kasi hiyo. Hapo ndipo penye udhaifu pia: ulishaji wa makombora ni wa mitambo mtindo mmoja, na mnara mmoja ukikwama, nusu ya nguvu ya meli imenyamaza.

Tiger ikaingia kazini Machi 1959, Blake Machi 1961. Kilichoiangusha Blake hakikuwa mizinga. Kabla ya 1963 kwisha ilikuwa imewekwa akiba, kwa sababu jeshi halikuwa na mabaharia wa kuijaza. Tiger nayo inakumbukwa zaidi kwa mazungumzo ya Desemba 1966 karibu na Gibraltar, ambako Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, na Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), walijadili Rhodesia. (Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano na London mwaka mmoja nyuma kwa sababu ya Rhodesia hiyohiyo.) Baraza la Smith likayakataa mapendekezo.

Uamuzi wa pili ni kuzigeuza Blake na Tiger kuwa meli za helikopta. Mnara wa nyuma uling'olewa, pakajengwa banda na sitaha ya helikopta nne, yakaongezwa makombora ya kuongozwa ya Seacat, ya kutungulia ndege. Blake iligharimu pauni milioni 5.5. Tiger, iliyofanyiwa kazi 1968 hadi 1972, ilifikia milioni 13.25, ingawa iliwekewa vipuri vilivyonyofolewa Lion, hata mabaharia wakaipa jina la Liger.

Watetezi wana hoja. Mpango wa meli mpya ya kubebea ndege ulifutwa 1966, Invincible, meli ya kubebea ndege iliyofuata, haikuingia kazini hadi 1980, na helikopta ya Sea King ilitafuta nyambizi kwa sonari (chombo cha kutambua kwa sauti) yake yenyewe iliyoshushwa majini, jambo ambalo helikopta ndogo ya Wasp ya frigati (manowari ndogo kuliko kruza) haikuliweza. Lakini hesabu ya watu haikubali. Kruza iliyogeuzwa ilitaka wanamaji 885 kwa helikopta nne. Frigati ya Leander iliendeshwa na 260 hivi. Watu wa frigati tatu, kwa meli moja yenye boila za enzi za vita! Hermes, meli ya kubebea ndege iliyokuwapo tayari, ingebeba helikopta nyingi zaidi. Kwa Blake naweza kuvumilia. Kwa Tiger, bei ilipokwisha kupaa hivyo, sioni utetezi.

Tiger ilistaafishwa 1978, Blake Desemba 1979. Vita vya Falkland vilipozuka 1982, zilikaguliwa ili zirudishwe kazini, kisha wazo likaachwa. Wanaosikitika hutaja kupiga shabaha za nchi kavu, kwa kuwa frigati zilitumia mizinga ya inchi 4.5, ambayo kombora lake halifiki nusu ya uzito wa lile la inchi 6. Ni kweli, ila mnara wa pili wa mizinga ulikuwa umeng'olewa kupisha banda.