Spoku 36 na Mimi Mmoja

Jamani, kuna watu wamejaliwa subira. Mimi nimejaliwa spana ya spoku, tena moja, tena imechakaa mdomo.

Naongea nikiwa nimekaa sakafuni, miguu nimeitandaza, rimu mapajani kama mtoto mwenye homa. Nimeshaifumua mara tatu. Mke wangu amepita hapa mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza, "Bado tu, baba watoto?" Mara ya pili hakuuliza kitu, aliguna. Lile swali nililimudu. Ule mguno ndio ulioniuma.

Kisa chenyewe ni rimu ya nyuma ya baiskeli yangu kupasuka. Habu, kile kitovu cha gurudumu, nzima, mpira mzima, kilichokufa ni rimu tu. Fundi angeimaliza huku akipiga soga, wala asingeitazama mikono yake. Mimi nikajiambia, kwani kuna nini hapo? Ni nyaya tu, unatoa huku unachomeka kule. Dada zangu wamesuka nywele mbele ya macho yangu tangu utotoni, na kichwa kina nywele zisizohesabika, wakati rimu ina matundu 36. Kwa hesabu hiyo nilikuwa fundi tayari, bado kutangazwa tu.

Sasa gurudumu la nyuma lina maringo yake. Upande wa kulia ndiko frivili, yale meno ya mnyororo, inakokaa, kwa hiyo sahani ya habu ya upande ule, ile yenye matundu ya spoku, imesogezwa ndani, na spoku zake ni fupi kidogo. Zangu za kulia ni milimita 290, za kushoto 292. Tofauti ya milimita mbili, yaani unene wa spoku yenyewe. Nikafunga mafungu mawili, la kulia kwa kamba nyeupe, la kushoto kwa kamba nyeusi, nikaenda kunawa mikono kama mtu mwenye mpango. Kurudi, mwanangu wa mwisho ameshafungua yote mawili kwa sababu alitaka kamba. Akanionyesha fungu moja kubwa, limenyooka, limependeza.

"Baba, nimekupangia."

Utamfanya nini mtoto anayekupangia? Nikachukua rula yake ya shule, ya sentimita 30, nikaanza kupima moja moja kutoka ndani ya kona ya spoku mpaka mwisho wa hesi. Ya kwanza 291. Ya pili 291. Ya tatu, 291. Spoku kumi na mbili mfululizo zilikuwa 291, urefu ambao sikuununua! Macho yangu yalikuwa yameamua kukaa katikati ili yasigombane na upande wowote. Mtoto akanitazama kwa huruma, akasema, "Baba, si uzisimamishe tu?" Nikazisimamisha wima mezani, vichwa chini, nikazigonga kidogo, na papo hapo ndefu zikachomoza juu ya fupi kama wanafunzi mstarini. Nilimwambia nilikuwa karibu kufikia wazo hilo.

Tukaanza. Maelekezo yanasema spoku tisa za kwanza, kila moja inaingia tundu la nne la rimu. Mimi nikahesabu: tundu lenye spoku, moja, linalofuata, mbili, tatu, nne, chomeka. Unaona kosa? Mimi sikuliona. Nilihesabu na lile nililosimama, kwa hiyo nilikuwa naruka mawili badala ya matatu. Nikamaliza spoku zangu tisa, nikainua rimu ili nijipongeze, nikakuta robo nzima ya rimu haina kitu. Tisa mara nne ni 36, hilo najua. Tisa mara tatu ni 27, hilo nalo sasa nalijua, maana limebaki pengo la kutosha kupitisha kichwa.

Halafu matundu ya rimu hayako kwenye mstari mmoja. Yamechongwa moja limeelekea kulia, moja kushoto, kulia, kushoto, ili spoku ya sahani ya kulia iende tundu la kulia. Ukiruka mawili kama mimi, kila spoku ya pili inaingia upande wa jirani. Nusu ya spoku zangu za kulia zilikuwa zimehamia kushoto bila kuaga. Nikafumua. Hiyo ni mara ya kwanza.

Niseme pia habari ya zile nati ndogo za kufungia spoku, ambazo mafundi huziita nipo. Jina la uongo kuliko yote niliyowahi kusikia. Zinaitwa nipo lakini ukizitafuta hazipo! Rimu yangu ina kuta mbili, katikati uwazi. Nati ikikuponyoka kabla haijashika hesi, inazama humo ndani na kuanza kutembea. Unaisikia, kr-kr-kr, inazunguka rimu nzima ikikukwepa. Nilisimama katikati ya chumba natikisa rimu juu ya kichwa kama mpiga kayamba, naizungusha, naigeuza, mpaka ikadondokea tundu la valvu na kukimbilia chini ya kabati. Kumbe wenye akili wanachukua spoku ya ziada, wanaikaza nati kwa nyuma mizunguko miwili mitatu ya hesi, wanaishusha taratibu kama wanavua samaki kinyumenyume. Nililigundua hilo kwenye nati ya thelathini na moja.

Mara ya pili nikahesabu vizuri. Kulia kumekaa, nikaingia kushoto, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba aliyetengeneza habu hakutaka watu wa kawaida waishi kwa amani. Matundu ya sahani ya kushoto hayatazamani na ya kulia. Ukipitisha spoku moja kwa moja kutoka tundu la kulia, sambamba na ekseli, inakwenda kugonga chuma katikati ya matundu mawili ya upande wa pili. Yamepishana nusu hatua. Sasa uchague, nusu hatua ya huku au ya kule? Moja ni sahihi. Nyingine nayo inakubali! Hilo ndilo linalonikera. Ingekataa pale pale ningeshukuru. Inakubali, inakuacha uchomeke, ukaze, ujisifu, kisha mwisho kabisa unakuta spoku zinazoelekea mbele zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na zinazoelekea nyuma hazifiki kwenye nati. Nikafumua tena, safari hii upande mmoja, lakini nafsi inahesabu yote.

Hapa nikawa nina hasira na mtu mmoja tu, James Starley wa Coventry, Uingereza. Kabla yake spoku za baiskeli zilikwenda moja kwa moja kutoka habu mpaka rimu kama miale ya jua, mchoro ambao hata mimi ningeuweza. Yeye mwaka 1874 akachukua hataza ya kuziinamisha, zikapishana, nusu zikivuta huku na nusu kule. Na kibaya zaidi, alikuwa na haki. Ukikanyaga pedali, habu inataka kuzunguka kabla ya rimu, na spoku iliyoinama inaivuta rimu kwa ncha. Iliyonyooka inabaki kujinyonga tu pale kwenye habu. Nilifikiria kuzinyoosha zangu hivyo hivyo potelea mbali, nikapima, nikakuta zingepenya rimu na kutokeza kwenye tyubu. Kwa hiyo Starley kashinda, marehemu, mimi hai nimeshindwa.

Mara ya tatu sitaki kuieleza sana. Spoku inatakiwa kukutana na wenzake watatu njiani, mbili inazipita kwa juu, ya tatu kwa chini. Sikujua kwamba ya kwanza wanakutana pale pale kwenye habu, karibu na vichwa, mahali ambapo mtu mwenye macho kama yangu haoni makutano, anaona msongamano. Nikaanza kuhesabu kutoka ya pili. Zikapishana mara nne, zikawa fupi zote upande mzima, na nikawa navuta rimu kwa magoti ili nati zishike. Mke wangu ndipo alipoguna.

Lakini leo, jamani, leo imekaa. Spoku ya mwisho ikaingia kwenye tundu la mwisho, na tundu hilo lilikuwa upande wake. Nikasita. Nikahesabu tena. Kulia 18, kushoto 18, mbili juu moja chini, kila moja. Nikaigeuza baiskeli matairi juu, nikafunga gurudumu, nikatumia mipira ya breki kupima linavyocheza. Kukaza nako kuna ushenzi wake. Ukiitazama nati kutoka upande wa tairi, unakaza kwa kufuata saa; ukiinama kuitazama kutoka upande wa habu, mkono ule ule unatakiwa kwenda kinyume. Nilikaza robo saa nikilegeza. Ila polepole lile wimbi likapungua, kushoto likaacha kugusa, kulia likaacha, nikalizungusha likazunguka kimya, limetulia, mpaka nikahisi machozi. Nikashika spoku mbili mbili nikazibana kwa kiganja ili zikae vizuri kwenye viti vyake, zikalia kidogo, zikanyamaza.

Nikamwita mke wangu. Akaja, akasimama mlangoni, akalitazama likizunguka. Hakuguna. Akasema, "Haya, hongera." Neno hilo nimelitafuta siku tatu.

Nikavisha tyubu na tairi, nikachukua pampu.

Pampu haikuingia.

Nikadhani nimeishika vibaya. Nikaigeuza. Nikajaribu kwa ubavu. Kichwa cha pampu kinagonga spoku kulia, kinagonga spoku kushoto. Nikainama kuangalia. Kila mahali kwenye rimu yangu kuna nafasi, kuna pengo pana na jembamba, pana na jembamba, mchezo mzima wa kupishana. Na valvu, kati ya nafasi zote hizo, imekaa kwenye jembamba, spoku mbili za jirani zimeinamiana juu yake kama watu wanaosengenya. Mwanzoni kabisa, nilipoishika habu na kuizungusha ili spoku zilale, niliizungusha upande usiotakiwa. Kitendo cha sekunde moja. Spoku ya kwanza inatakiwa ilale ikiikimbia valvu, yangu ililala ikiifuata.

Gurudumu halina ugonjwa, nataka hilo lieleweke. Nguvu ni ile ile, limenyooka, litabeba gunia. Ni upepo tu hauna njia ya kuingilia. Nimekaa nikatafuta hoja. Naweza kusema ni mtindo. Naweza kununua pampu yenye mpira mrefu mwembamba. Naweza kulijaza mara moja na kuliombea. Kisha nikakumbuka kwamba ndani ya nyumba hii kuna mtu mwenye vidole vidogo.

"Njoo hapa, mwanangu. Leo zamu yako ya pampu."

Akaja mbio, bado ana ile kamba nyeusi kaifunga kiunoni. Akapiga magoti, akajaribu pampu mara moja tu, si mara saba kama mimi. Akaitazama valvu. Akazitazama zile spoku mbili zinazosengenya. Akafuata moja kwa kidole, taratibu, kutoka kwenye rimu mpaka kwenye habu, halafu akainua macho.

"Baba, hii ya kwanza uliilaza wewe?"

Nimemtuma spana.